Volti nane tu zinauaje uvimbe wa saratani?

FundiBetri
Wadau, mimi nachaji betri za magari hapa Grogan, mwaka wa kumi na mbili huu. Jana shangazi wa Kayole, ana uvimbe kwenye titi, amenitumia video: mgonjwa amedungwa sindano mbili ndani ya uvimbe, zikaunganishwa waya, volti 8. Nane! Betri ya probox ni 12 na naishika mikono mitupu. Ni joto linaloua ama?

MwalimuKemia
Si joto, fundi. Wewe unakingwa na ngozi kavu. Sindano zimeshaipita, na huko ndani ni maji ya chumvi. Pitisha umeme wa betri humo, miliampea 40 hadi 80, uone. Kwenye sindano ya chanya inatoka klorini na asidi, pH, kile kipimo cha asidi ambapo maji safi ni 7, inashuka hadi 2 au chini. Kwenye hasi inatoka haidrojeni na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, pH 12 na zaidi. Seli gani itapona hapo? Tena maji yanahama kutoka chanya kwenda hasi, kwa hivyo nyama ya huku inakauka, ya kule inavimba. Sindano huwa za platini kwa sababu chuma cha kawaida kingeliwa upande wa chanya.

FundiBetri
Ala! Kumbe ni yale mapovu ya betri ikichaji. Shati zangu zote zina matobo ya asidi, nakuelewa kabisa. Inachukua muda gani?

MwalimuKemia
Wengine hupiga kulomu 100 (kipimo cha jumla ya umeme uliopita) kwa kila sentimita ya upana. Uvimbe wa sentimita 3 ni kulomu 300. Kwa miliampea 60 hiyo ni kama saa moja na dakika 23. Daktari Nordenström wa Sweden aliandika haya 1983 akiwa ametibu vivimbe vya mapafu, kisha Wachina wakaichukua. Na usithubutu kujaribu na chaja yako, nakujua.

NesiWaZamu
Niongeze moja. Asidi hiyo inaua pale sindano zilipo tu. Kama mbegu za saratani zimeshafika kwapani au kwenye mapafu, haizigusi, na haijachukua nafasi ya upasuaji wala dawa. Shangazi amefanyiwa biopsi, yaani kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe?

FundiBetri
Nimempigia sasa hivi. Biopsi hajafanya, lakini wenye video wameshamwitisha deposit kwa M-Pesa. Nimemwambia asitume. Kesho sifungui, nampeleka hospitali mwenyewe.