Eti goti likiuma ongeza kasi! Huyu mwalimu wa video za mazoezi anyang'anywe kamera

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Yule dada wa mazoezi ya nyumbani, jina sitaji, wote mnamjua, yule wa "siku 14 kitambi kwisha", ametoa video mpya leo. Dakika ya 7, katikati ya kichura, anaikazia macho kamera na kutamka: "Goti likiuma ongeza kasi, hayo ni mafuta yanayeyuka." Goti! Maumivu ya kiungo na mafuta wapi na wapi?

Kupasha mwili hakuna. Video inaanza, yuko hewani tayari, peku, juu ya vigae. Mtu aliyeshinda kwenye kiti kutwa anahitaji walau dakika 5: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega na nyonga, skwati (kuchuchumaa na kusimama) za taratibu bila kuruka. Hana muda huo, ila wa kutangaza chai ya kupunguza tumbo anao tele.

Na wale wasichana wawili nyuma yake, kila wakitua magoti yanaingia ndani hadi yanataka kusalimiana. Hamwoni? Goti lifuate vidole vya mguu vinakoelekea. Utue kwa mbele ya unyayo, kisigino kifuate, magoti yakiwa yamekunjwa. Ukisikia "paa!" ujue umetua vibaya. Anayeumwa goti aache kuruka kabisa: asimame mbele ya kiti kisichoteleza, ashuke taratibu kwa sekunde 3, aguse kiti, apande. Yeye je? "Ongeza kasi." Ongeza kasi!

Halafu video hiyo anaiita mazoezi ya Tabata. Tabata yenyewe, ya mtafiti Izumi Tabata na wenzake kule Japani, iliyochapishwa 1996, ni sekunde 20 za nguvu zote na 10 za kupumzika, mara 7 au 8, tena juu ya baiskeli ya mazoezi. Dakika 4 imeisha. Huyu kafululiza dakika 25 bila pumziko. Hiyo ni adhabu ya mgambo.

"Mafuta yanayeyuka"! Wasimamizi wa mitandao wamfungie hadi wajukuu zake.

Mchapa Kamba: Mkuu, uzi wote huu kwa ajili ya goti moja? Kanywe maji kwanza. Ila la vigae nakuunga mkono. Kuruka kunataka raba na mkeka usiohama. Anayetandika kanga juu ya vigae kisha akaruka anajitafutia nyonga mpya.

Bi Kiuno: Goti afadhali! Yule mwingine wa suruali ya njano anawalaza watu chali, miguu yote miwili juu, kisha anawaamuru waishushe pamoja huku viuno vimenyanyuka sakafuni kama daraja. Tumbo likichoka mzigo wote unahamia mgongoni. Kunja magoti, gandamiza kiuno chini, shusha mguu mmoja mmoja. Kiuno kikianza kunyanyuka, hapo ndipo mwisho wako, usiende zaidi. Na sitapu, kule kulala chali na kuinuka, hata 500 haziondoi kitambi. Zinakaza misuli iliyo chini yake. Huuchagulii mwili pa kutoa mafuta.

Mtoa mada: Bi Kiuno, turudi kwenye mada. DAKIKA YA 7. Mtu mzima, na akili zake, anasema goti likiuma uongeze kasi!

Mchapa Kamba: Tumesikia mkuu.

Mpangaji wa Chini: Mnalilia magoti, sisi tunaoishi chini yenu nani atatulilia? Saa 11 alfajiri feni inataka kung'oka darini. Si lazima mruke! Chuchumaa, weka mikono chini, rudisha mguu mmoja nyuma, wa pili ufuate, kaa kwenye planki, mwili umenyooka kama ubao, rudi mguu mmoja mmoja, simama. Ukienda haraka mapigo ya moyo yanapanda vizuri tu na jirani analala.

Bando Limekata: Na hizo video mnaziangalia kwa ubora wa 1080p wa nini? Kwa 480p goti linaonekana vizuri. Pakua mara moja penye waifai, uirudie wiki nzima. Na yale matangazo yanayoingia katikati ya planki, umeganda viwiko chini, unalazimishwa kunyoosha mkono kubonyeza "ruka"!

Bi Kiuno: Hayo matangazo ndiyo yanayokula bando!

Mpangaji wa Chini: Bando la saa 24 halifiki hata jioni. Wanakata mapema hawa jamaa.

Bando Limekata: Nafungua uzi wa vifurushi sasa hivi, njooni wote.