Kusafisha matundu ya shanga za kioo: tupa ya mkono, drili, mashine ya mtetemo au kuloweka tu?

MwanaShanga

Wakuu, habari zenu. Naomba tulinganishe njia, maana nimekwama.

Natengeneza shanga kwa kuyeyusha kioo kwenye moto wa gesi na kukizungushia kwenye kijiti cha chuma. Kijiti nakipaka kwanza ule uji wa udongo ili kioo kisigande. Ushanga ukishachomoka, udongo unabaki ndani ya tundu kama ukoko kwenye sufuria. Kwenye shanga nyeusi hauonekani, ila uzi ukipita unatoka na vumbi jeupe. Kwenye zile angavu ndiyo balaa: kioo safi, halafu katikati mstari kama wa chokaa.

Wiki iliyopita nilipasua ushanga wa kijani niliokuwa nimeutumikia karibu saa nzima. Nilitia drili yenye ncha ya almasi, kavu kavu, nikasikia "tik", na ufa ukatoka tunduni hadi ubavuni. Umeniuma sana.

Njia ninazozisikia ni tupa nyembamba ya almasi kwa mkono, drili, mashine ya mtetemo wa majini, na kuloweka kwenye maji au siki. Aliyezijaribu anieleze ipi inasafisha kweli na ipi inaua shanga.

FundiMoto

Pole sana ndugu. Drili kavu ni kosa, lakini kabla hatujaitupia lawama zote, ushanga huo ulipoozwa vipi?

MwanaShanga

Niliufukia kwenye blanketi ya nyuzi za kauri mpaka ukapoa. Tanuri sina bado.

FundiMoto

Basi hapo kuna wauaji wawili. Blanketi inachelewesha kupoa tu, haiondoi mkazo uliobaki ndani ya kioo. Kioo laini kinatakiwa kikae kwenye tanuri kwenye nyuzijoto 500 hivi, halafu kishushwe taratibu. Kile kigumu cha borosilikati kinataka takriban 560. Ushanga ambao haujapitia hapo unaweza kukaa mezani miezi bila tatizo, kisha ukagusa ncha inayozunguka na ukaachia. Joto la msuguano na mtikisiko vinamalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: shanga za blanketi zisiguswe na drili kabisa. Loweka, tumia kibrashi, na ukilazimika sana, tupa ya mkono ndani ya maji.

Sasa kuhusu tupa yenyewe. Almasi ndiyo chaguo sahihi kwa sababu kioo ni kigumu kiasi cha 5.5 kwenye kipimo cha Mohs na almasi ni 10. Tupa ya chuma inakula udongo lakini ikigusa kioo inateleza, nawe unaongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayovunja. Yangu ni nyembamba kuliko tundu. Kijiti cha milimita 2.4 natumia tupa isiyozidi 2. Ikibana ujue imegeuka kabari.

Bakuli la maji, ushanga uzame, zungusha tupa huku ukiipeleka mbele na kuirudisha. Ingia nusu upande mmoja, geuza, malizia upande wa pili. Usiitokeze upande wa pili kwa nguvu, kwa sababu pale inapotokea ndipo mdomo wa tundu unapomeguka.

MamaMikufu

Mimi si mtengenezaji, ni mfungaji wa mikufu. Nanunua shanga za watu na naona matokeo ya njia zenu zote, kwa hiyo nisikilizeni na mimi.

Tundu chafu linaharibu uzi. Ule udongo ni kama msasa, unasugua uzi kila mvaaji anapojongea. Lakini nimeshakutana na tundu lililosafishwa vizuri ndani na mdomo wake umeachwa mkali kama wembe. Hilo ni baya zaidi, linakata uzi na mkufu unamwagika. Ushanga mzuri una mdomo ulioingia ndani kidogo, kama kitovu. Ukiwa na mdomo uliochongoka nje, hata tupa ya mkono itaumegua.

Kwangu kabla ya kufunga natumia vile vibrashi vidogo vya kusafishia katikati ya meno, na maji yenye sabuni. Kwa shanga ambazo fundi alizisafisha nusunusu vinamaliza kazi. Kwa ukoko uliokauka siku nyingi havifui dafu.

Kalibu

Mimi natetea drili, maana kila mtu anaikimbia. Nikiwa na shanga 10 natumia mkono. Nikiwa na 200, kiganja hakiwezi.

Masharti yake yafuatwe yote. Kwanza ni tanuri, kama alivyosema FundiMoto. Pili ni maji: ama ushanga uzame, ama maji yadondoke pale ncha inapofanya kazi. Na hapa nasisitiza sana, mashine yenye waya wa umeme isisogezwe kwenye bakuli la maji. Tumia ya betri, au ile yenye mkono mrefu unaopinda, mota ikiwa imening'inia mbali. Tatu ni kasi. Mashine nyingi za mkono zinaanzia mizunguko 5,000 kwa dakika, na hapo hapo pa kuanzia panatosha.

Ushanga ushike kwa vidole, usiubane kwenye jiriwa wala koleo. Vidole vinahisi. Ncha ikianza kukamata, ushanga unataka kuzunguka nayo, nawe unauachia. Koleo haliachii, na kitakachovunjika ni kioo.

Jingine ambalo wengi hawaliangalii ni ncha iliyochakaa. Hizi za bei ya chini zina tabaka moja tu la almasi lililogandishwa juu ya chuma. Likiisha, ncha bado inang'aa na inazunguka, ila haikati, na wewe unasukuma. Ukiona maji hayabadiliki rangi, simama, ipitishe ncha kwenye ukucha. Kama ni laini, itupe.

Uzi_na_Sindano

@Kalibu nakubaliana na yote isipokuwa kwa shanga angavu. Hapo drili inaharibu hata kama haijapasua kitu.

Almasi ikimaliza udongo inaanza kukwaruza kioo chenyewe, na kioo kilichokwaruzwa ni cheupe kama barafu. Ukiwa ndani ya maji huoni lolote, maji yanajaza mikwaruzo na tundu linaonekana safi kabisa. Unafurahi, unautoa, unakauka, na ule mstari mweupe umerudi. Unadhani ni udongo, unaongeza kusugua, weupe unazidi. Nilisugua ushanga mmoja wa rangi ya kaharabu mara tatu hivyo kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nasafisha kovu.

Siku hizi nakagua tundu likiwa kavu tu, nikilielekeza dirishani. Weupe wa udongo una mabaka, na sindano inaukwangua. Weupe wa mikwaruzo umeenea sawasawa na sindano haitoi kitu. Kwa shanga angavu naanza na kuloweka usiku kucha, kibrashi cha waya chenye manyoya, kisha tupa ya mkono kwa mizunguko michache tu pale penye mabaka.

Kalibu

Hapo umenishika. Zangu nyingi ni za rangi nzito, ndiyo maana sijaliona hilo. Kwa angavu nakuunga mkono.

MwanaShanga

Asanteni sana. Na mashine ya mtetemo? Na siki?

FundiMoto

Mashine ya mtetemo inatengeneza mapovu madogo mno yanayopasuka majini, nyingi zinatumia mawimbi ya kilohezi 40 hivi. Nzuri kwa kuondoa tope lililobaki baada ya tupa. Ukoko mkavu peke yake haiutoi vizuri, utakaa unaisubiri bure. Usitie ushanga wenye ufa, ufa utakua. Wala wenye jani la fedha au dhahabu lililo wazi juu, linaweza kubanduka.

Siki siipendi. Huo udongo wetu kwa kawaida ni kaolini na alumina, na siki haiyeyushi hivyo vitu. Maji ya kawaida yanaulainisha vilevile. Siki itagusa tu yale mapambo ya metali uliyoyahangaikia. Na kuna asidi moja inayokula kioo chenyewe, ya haidrofloriki. Hiyo isikaribie nyumba yako, inapenya ngozi na kuunguza hadi mfupa.

Vumbi nalo tusilichukulie kirahisi. Usikwangue tundu kavu ukapuliza kwa mdomo. Vumbi la udongo na kioo likiingia kwenye mapafu halitoki. Maji ndiyo kinga ya kwanza, barakoa inafuata. Mimi shanga zangu zikitoka kwenye tanuri na kupoa kabisa, nazitumbukiza majini zikiwa bado kwenye vijiti. Zinachomoka laini na vumbi halipati nafasi.

MamaMikufu

Naongeza kuhusu zile shanga za unga wa kioo, kama za Wakrobo wa Ghana. Hizo hazizungushiwi kwenye kijiti. Unga wa chupa unajazwa kwenye kalibu ya udongo, na kikonyo cha jani la mhogo kinachomekwa katikati. Kikiungua, tundu linabaki. Kuta za tundu lake zina chengachenga kwa asili, msizifananishe na uchafu mkaanza kuzichimba. Maji, sabuni na kibrashi, basi.

MwanaShanga

Nimerudi na majibu. Nimechukua shanga 6 za kioo laini, rafiki kanisaidia kuzipitisha kwenye tanuri lake. Mbili nimeziloweka usiku kucha na kutumia kibrashi tu: moja imetoka safi, nyingine imebaki na baka karibu na mdomo. Mbili tupa ya mkono majini, dakika nne nne, safi zote. Maji yalikuwa kama maziwa mwanzoni, yalipopungua weupe nikaacha. Mbili drili ya betri kwa kasi ya chini: nyeusi imetoka vizuri chini ya dakika moja, angavu imepata ule ukungu aliousema Uzi_na_Sindano. Nimeijaribu kwa sindano, haitoi kitu. Ni kovu kweli.

Kwa hiyo kwangu mimi ni kuloweka na tupa ya mkono, drili kwa nyeusi peke yake. Ila kuna wa saba, umegoma kutoka kwenye kijiti. Nilikuwa nataka kuumwagia maji ya moto.

Kalibu

Usithubutu! Chuma kinatanuka kwa joto kuliko kioo. Kikitanuka ndani ya tundu kitaupasua. Fanya kinyume: loweka usiku, ufute, uweke kwenye friji sehemu ya kugandisha kwa nusu saa, chuma kisinyae zaidi ya kioo. Ukiutoa, uache kwanza upoteze ule ubaridi mkali, usiutie kwenye maji ya vuguvugu. Kisha kibane kijiti kwenye koleo, ushanga ushike kwa kitambaa cha mpira, uzungushe polepole bila kuvuta. Ukigeuka hata nywele moja tu, umeshautoa.

MwanaShanga

Umegeuka. Umetoka mzima, na ukoko wake wote. Nimeutumbukiza kwenye bakuli, kesho asubuhi naushika na tupa.