Naomba ushauri: nafanya kea, nauza sambusa pembeni, na niko UC. Kodi na makato vitanikaaje hapa Uingereza?

MamaWawili_Leicester

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naombeni mnisaidie maana kila ninayemuuliza ana jibu lake na mimi nazidi kuchanganyikiwa.

Niko Leicester, nalea watoto wawili peke yangu, wote bado praimari. Nafanya kea masaa 20 kwa wiki kwenye nyumba ya wazee, mshahara kabla ya makato ni kama £1,080 kwa mwezi, na juu yake napata Universal Credit (UC), ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo ndani yake kuna hela ya pango na ya watoto. Sasa tangu Ramadhani watu wamenizoea kwa sambusa, maandazi na vitumbua, oda zinakuja kila wikiendi, na juzi kuna maharusi wameniulizia pilau na kachori za shughuli yao. Nimepiga hesabu naona nikitulia naweza kuuza kama £600 kwa mwezi, nikitoa unga, nyama, mafuta, viboksi na petroli inabaki kama £350.

Mmoja ananiambia elfu moja ya kwanza haina kodi so wala usiseme popote, mwingine anasema ukigusa tu biashara wanakufungia UC yote. Mimi sitaki kuficha kitu, nataka nilale usingizi, ila pia sitaki nikeshe jikoni halafu hela yote iishie kwenye makato. Nianzie wapi?

daftari_na_kalamu

Dada yangu hongera kwa kutaka kufanya hivi wazi, na hao wote wawili wamekupotosha.

Elewa kwanza kwamba unashughulika na watu wawili tofauti. HMRC wa kodi wanaangalia mwaka mzima, kuanzia 6 Aprili mpaka 5 Aprili inayofuata. DWP wa UC wanaangalia mwezi wako wa UC tu, kuanzia tarehe yako ya kuhesabiwa mpaka tarehe hiyo mwezi unaofuata. Kila mmoja ana sheria zake na hapo ndipo watu wengi wanaumia, kwa sababu ile £1,000 ni ya HMRC peke yao. UC hawaitambui kabisa. Ukiuza maandazi ya £40 mwezi huu, HMRC hawana shida na wewe lakini UC wanataka wajue. Halafu hiyo elfu moja ni ya mauzo, sio faida, na wewe kwa £600 kwa mwezi utaipita mwezi wa pili tu. Ukiipita unajisajili HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, ritani (fomu ya kutangaza mapato) ya mtandaoni na malipo mwisho ni 31 Januari.

Sasa hesabu, natumia viwango vya mwaka wa kodi 2025/26. Mshahara wako ni kama £12,960 kwa mwaka, umeshapita £12,570 ambayo haitozwi kodi, kwa hiyo faida yote ya biashara inapigwa asilimia 20. Faida ya £350 mara 12 ni £4,200, kodi yake £840, yaani £70 kwa mwezi. Kwenye ritani unachagua kutoa ile elfu moja au kutoa gharama zako halisi, sio zote mbili, na wewe gharama zako ni kama £3,000 so chagua gharama. Bima ya taifa (National Insurance) ya wafanyabiashara haikugusi kabisa, wanaangalia faida ya biashara peke yake na inaanza ikipita £12,570.

UC sasa. Kwa kuwa una watoto na unalipiwa pango, £411 ya kwanza (kiwango cha 2025/26) ya kipato chako kwa mwezi hawaigusi, lakini hiyo mshahara wako umeshaimaliza. Kila paundi inayoongezeka juu yake wanapunguza peni 55. Ila kodi unayolipa inatolewa kwanza kabla hawajapiga hizo 55. Kwa hiyo £350 toa £70 inabaki £280, wanapunguza UC kwa £154, mkononi unabaki na £126.

Hakuna anayekufungia UC yote. Inapungua taratibu kadiri kipato kinavyopanda, na mwezi ukiuza kidogo inapanda tena yenyewe.

MamaWawili_Leicester

Asante sana kaka, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Ila £126 kati ya £350 jamani... nimekaa nimeitazama hiyo namba. Si bora niombe shifti za ziada kazini?

daftari_na_kalamu

Swali zuri, na jibu lake watu wengi hawalijui. Shifti za ziada za £350 zinakatwa kodi asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8 maana umeshapita kiwango, inabaki £252, na hapo bado hata mchango wa pensheni. UC wanachukua 55% ya hiyo, mkononi £113. Kwa hiyo sambusa zinakulipa zaidi kidogo kuliko shifti, na uko nyumbani na watoto wako. Ila angalia masaa. Kama hiyo £350 inakula masaa 20 ni jambo moja, kama inakula 45 unajiumiza.

BintiTanga_MCR

Shoga sikiliza upande wa UC maana mimi niko humo humo, nasuka nywele pembeni ya kazi ya usafi.

Ingia kwenye akaunti yako ya UC, ripoti mabadiliko kwamba umeanza biashara ndogo. Watakuita kwenye mahojiano wajue kama biashara ndiyo kazi yako kubwa. Waambie ukweli, kazi kubwa ni kea na sambusa ni pembeni, peleka na karatasi za mshahara. Hii ni muhimu mno kwa sababu wakisema biashara ndiyo kazi yako kubwa, baada ya miezi 12 ya mwanzo wanaweza kukuwekea kiwango cha chini, yaani wanahesabu kama unaingiza mshahara wa kima cha chini kwa masaa uliyopangiwa hata kama mwezi huo hujauza kitu. Kwa mtu mwenye biashara ndogo hiyo inaumiza sana. Wewe ukiwa na ajira kama kazi kuu haikuhusu, ila siku ukitaka kuacha kea uingie jikoni moja kwa moja, njoo uulize tena kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Kila mwezi unaripoti hela iliyoingia na iliyotoka, unaweza kuanza siku 7 kabla mwezi wako haujaisha mpaka siku 14 baada ya kuisha. Hata ukiwa na sifuri unaandika sifuri. Usiporipoti malipo yanakwama na watoto hawajui mambo ya kuripoti, wao wanataka kula.

Na fungua akaunti ya benki tofauti kwa ajili ya biashara. Akiba binafsi ikipita £6,000 UC inaanza kupungua, na ikipita £16,000 inakatika, lakini hela ya biashara haihesabiwi humo. Ukiichanganya na yako utapata tabu kuwaeleza.

jikoni_reading

Mama salama? Mimi ni Mkenya, nafanya keta (napikia shughuli) huku Reading, acha niongeze ya jikoni.

Sajili jikoni lako kwa kaunsili (halmashauri ya mji wako) siku 28 kabla hujaanza kuuza rasmi, ni bure na hawawezi kukukatalia, watakuja tu kukagua usafi. Usiruke hii, ukianza kupikia harusi mtu mmoja akiugua ni mambo mengine. Chukua na bima, hiyo pia ni gharama unatoa.

Gari: UC wanakubali peni 45 kwa kila maili ya biashara, maili 833 za kwanza za mwezi. Andika kila safari, kwenda kununua nyama, kupeleka oda, yote. Ukitumia hiyo ya maili usitoe tena petroli. Na chakula mnachokula nyumbani si gharama ya biashara, gawanya risiti vizuri.

Sasa hii ndiyo kubwa. UC inahesabu hela mwezi iliyoingia na gharama mwezi zilizotoka. Kama unajua utahitaji friza au sufuria kubwa, nunua ndani ya mwezi uleule utakaolipwa hela ya harusi, unaitoa yote mwezi huo. Ukinunua mwezi ambao hujauza kitu, hasara inabebwa mbele tu, haikuongezei UC mwezi huo wala haipunguzi mshahara wako wa kea kwenye hesabu yao.

Na tafadhali pandisha bei. Watu wetu wanapenda vya "bei ya nyumbani" lakini wewe ukiuza sambusa kwa bei ya huruma unafanya kazi bure baada ya makato.

daftari_na_kalamu

Naongezea hapo hapo kwenye kodi. Usisubiri Januari ikukute na £840 kwa mkupuo. HMRC wanaruhusu ulipe mapema kidogo kidogo kila mwezi, na UC wanaitoa kodi mwezi ulioilipa, so ukilipa £70 kila mwezi na ukaiweka kwenye ripoti yako inakaa sawa. Na kwa kuwa deni lako la kodi liko chini ya £1,000 hawatakudai malipo ya awali ya mwaka unaofuata.

Msaada wa kodi ya kaunsili uulizie kwenye kaunsili yako, kila moja ina mpango wake. Hela ya watoto ile ya HMRC (Child Benefit) haiguswi, mpaka kipato cha mtu kipite £60,000 kwa mwaka.

mlezi_wa_baba

Samahani naingilia, mimi namlea baba mgonjwa, napata Carer's Allowance, na nauza keki. Nami ni hizo 55?

BintiTanga_MCR

Hapana ndugu yangu, kuwa makini sana! Hiyo haipungui taratibu. Kikomo 2025/26 ni £196 kwa wiki baada ya kodi na gharama, ukipita hata kwa paundi moja unakosa yote ya wiki hiyo, na wakigundua baadaye wanadai kurudi nyuma. Piga hesabu ya faida yako kabla hujapokea oda kubwa.

Na wadogo zetu wa viza ya mwanafunzi mnaosoma hapa, viza hiyo hairuhusu biashara binafsi hata ya maandazi, msijaribu kwa kufuata hesabu hizi.

MamaWawili_Leicester

Mungu awabariki wote. Nimeshaingia kwenye akaunti ya UC nimeripoti, kaunsili nimejaza fomu, na bei nimepandisha tayari. Swali la mwisho: yule bibi harusi shughuli yake ni Desemba ila anataka kunipa kianzio cha £200 wiki hii. Hiyo naihesabu lini?

jikoni_reading

Mwezi inapoingia mkononi, mama. Mwambie akupe ile wiki utakayonunua nyama na mchele.