Mabango ya njano vijijini Uingereza: bustani ya nyumba ya mtu, unaingiaje?

Binti_Lushoto: Wadau, habari za saa hizi. Mama anakuja mwezi wa sita, na maua ndiyo ugonjwa wake. Huku vijijini naona mabango ya njano yanayokaribisha watu kwenye bustani ya nyumba ya mtu. Unaingia tu au mpaka ualikwe? Magoti yanamsumbua, gari hatuna, na najua atataka kukata vijiti akapande nyumbani.

Mzee_wa_Kitalu: Mwaliko hauhitajiki, unalipa getini. Mabango hayo ni ya National Garden Scheme, mpango ulioanza 1927 ili kuchangia wauguzi wanaozunguka majumbani. Kiingilio wakati huo kilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Mpaka leo fedha zinakwenda kwenye uuguzi na afya.

Ingia tovuti yao, andika postikodi (namba ya posta ya eneo lako) na tarehe. Bustani nyingi hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka, hasa Jumapili mchana, kwa hiyo ukikosa siku yake ndiyo basi hadi mwakani. Nyingine ni za miadi, na hizo soma vizuri: baadhi hazipokei watu wawili, zinataka kikundi.

Kinachokwamisha wengi ni usafiri. Basi la kijijini Jumapili mara nyingi hakuna kabisa. Agiza teksi ya kwenda NA ya kurudi kabla hujatoka nyumbani, maana huko mashambani simu inaweza kukosa mtandao. Postikodi moja ya shamba inaweza kubeba nyumba zilizotawanyika, kwa hiyo mkikaribia fuateni mishale ya njano.

Dada_Changarawe: Kuhusu magoti, usiridhike na alama ya kiti cha magurudumu kwenye tangazo la bustani peke yake. Uliza mambo matatu: njia ni ya changarawe au ya mawe, ngazi zina kishikio, na choo kipo? Pale ni nyumbani kwa mtu, choo cha wageni si lazima kiwepo. Mkitumia kiti, magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye changarawe. Mwinamishe mama kidogo kwa nyuma, magurudumu ya mbele yakiwa juu, umvute kinyumenyume.

Watu watakutajia Kiftsgate Court kule Gloucestershire. Ni ya familia, imepita mikononi mwa wanawake wa vizazi vitatu, na waridi lake jeupe linalopanda juu ya miti limechukua jina la bustani hiyo. Ni nzuri mno, lakini bustani ya chini ipo kwenye mteremko mkali. Kwa magoti hayo mama abaki sehemu ya juu. Waridi lenyewe huchanua kuelekea Julai, mkienda mapema Juni mtaona majani tu.

Mzee_wa_Kitalu: Vijiti sasa. Asikate hata kimoja, mwenye bustani amesimama pale pale! Mara nyingi kuna meza ya kuuza miche, anunue ya kupanda kwako. Kuupeleka mche Tanzania kunahitaji kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, na cheti cha afya ya mmea kutoka huku. Bila hivyo unanyang'anywa.

Tena mimea kama peoni inahitaji baridi kali ya miezi kadhaa ndipo itoe maua. Lushoto ina ubaridi, ila si wa kiasi hicho. Apige picha kibao chenye jina la Kilatini, kisha aulize vitalu vya nyumbani. Dahlia, hydrangea na agapanthus zinafaa milimani.

Mwambie pia asichume majani ovyo. Digitalis, yenye vikengele vya zambarau kwenye shina refu, huchanua Juni hiyo hiyo, na sumu yake inavuruga mapigo ya moyo.

Binti_Lushoto: Asanteni sana. Na chai nasikia ipo?

Dada_Changarawe: Kwa kawaida ipo, na keki za kuoka nyumbani. Beba pauni taslimu. Lango likifunguliwa saa nane, kateni keki kwanza. Saa kumi mtakuta makombo.