Mjadala: Je, Rafale za Ufaransa ziendelee kubeba jina alilotoa Stalin?

MLETA MADA
Wakuu, naweka swali hili mezani. Ufaransa inaisaidia Ukraine dhidi ya Urusi, na wakati huohuo kikosi chake cha ndege za kivita za Rafale pale kituo cha Mont-de-Marsan kinaitwa Normandie-Niemen. Nusu ya pili ya jina hilo, Niemen, ni jina la mto, na ilitolewa na Stalin mwenyewe, mtawala wa Wasovieti, Julai 1944. Lifutwe au libaki? Mimi nasema libaki, na nasema kwa moyo wote.

Mwaka 1942 de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, akiwa London, alitaka Wafaransa waonekane wakipigana kila upande wa vita, Mashariki ikiwemo. Kikosi kikaundwa Rayak, Lebanon, na Novemba marubani wakafika Ivanovo, kwenye baridi kali ya Urusi. Walipewa nafasi ya kuchagua ndege, wakachagua Yak za Kisovieti. Siasa ilikuwepo tangu mwanzo, sibishi. Lakini siasa haikuwapunguzia risasi. Kamanda wao Jean Tulasne aliuawa Julai 1943 karibu na Orel, katika mapigano ya Kursk. Hadi vita vinaisha walikuwa wametungua ndege 273 za Wajerumani zilizothibitishwa. Kati ya marubani wasiofika mia, 42 walikufa.

Kisha kuna Maurice de Seynes. Julai 1944 ndege yake iliharibika wakati kikosi kinahama kituo, na nyuma yake alikuwa amembeba fundi wake, Vladimir Belozub, asiye na parachuti. Waliokuwa chini walimwamuru aruke. Alikataa kumwacha mwenzake. Akajaribu kutua, wakafa wote wawili na wakazikwa pamoja. Hilo nalo tumkabidhi Stalin?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, heshima kwa marehemu, ila umeruka jambo zito. Mto Niemen unapita Lithuania. Nchi hiyo Wasovieti waliimeza mwaka 1940, na Juni 1941 wakapakia maelfu ya raia kwenye mabehewa kwenda Siberia. Jeshi Jekundu la Wasovieti lilipouvuka mto huo 1944, Wanazi walifukuzwa, kweli, lakini Walithuania hawakupata nchi yao. Walisubiri hadi 1990 kutangaza uhuru tena. Kwenye kiwanja cha Šiauliai, hukohuko Lithuania, ndege za Ufaransa zimekwenda mara kadhaa kulinda anga. Bibi wa pale aliyerudi kutoka Siberia asome neno hilo kwa furaha gani?

MCHANGIAJI WA PILI
Kwani shida iko wapi? Warudi kwenye "Normandie" tu, jina walilokuja nalo 1942. Tulasne alikufa chini ya jina hilo, na de Seynes pia. Kikosi kilifungwa Colmar mwaka 2009, kikafufuliwa 2012 na Rafale. Ile ndiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kulipunguza bila kelele, wakaiacha ipite.

MLETA MADA
Mchangiaji wa pili, pendekezo lako ni la upole kwa waliokufa kabla ya Julai 1944. Na waliokufa baada yake? Oktoba 1944 kikosi kilikuwa kwenye mapigano ya Prussia Mashariki, na tarehe 16 pekee kilitungua ndege 29. Waliopigana kule, na walioanguka hadi 1945, walivaa jina zima. Walipotua Le Bourget tarehe 20 Juni 1945 na Yak-3 zao, umati wa Paris uliwapokea kwa jina zima.

Mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya Siberia ndiyo nzito kuliko zote hapa na siwezi kuipita. Nakubali kwamba Paris haijaizungumza vya kutosha. Kwenye sherehe husimuliwa ushujaa, na Lithuania ya 1940 haitajwi. Hilo lirekebishwe: kila rubani anayeshonewa beji hiyo afundishwe kilichowapata watu wa kingo za mto ule, kabla na baada ya 1944. Lakini mto ni wa Walithuania, si wa Kremlin. Tukilifuta jina, tunaiachia Moscow kumbukumbu ya vijana 42 iitumie itakavyo, na wao hawakufa kwa ajili ya kambi za Siberia.

Kwa hiyo nijibu hili: Walithuania wenyewe wakisema beji hiyo haiwakeri, bado ungetaka ing'olewe?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Wakisema hivyo, nitanyamaza. Lakini waulizwe kwanza. Mpaka sasa tunawasemea.