Kijana wa kozi ya stima anakuja atachimenti Lamu: akaze wapi?

mwana_langoni
Assalaam aleikum wakuu. Mpwa wangu anasoma kozi ya stima chuo cha ufundi. Amemaliza mazoezi ya ubao na sasa anakuja atachimenti ya miezi mitatu kwa kontrakta hapa Lamu. Baadaye anataka kufanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Ubaoni hana shida. Swichi mbili za ngazi anafunga bila kutazama mchoro, konsyuma yuniti (boksi la breka) anaipanga vizuri. Lakini ubao ni plaiwudi kavu iliyo kivulini, na huku atakutana na kuta za matumbawe, boriti, makuti na hewa ya bahari. Naomba mafundi na walimu mnieleze: katika miezi hiyo mitatu akaze wapi hasa? Na vifaa gani awe navyo vyake mwenyewe?

mwalimu_warsha
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Akaze kupima. Kufunga ameshafundishwa. Taa huwaka vizuri hata pale swichi inapokata nyutro badala ya laivu, na anayekuja kubadilisha globu akidhani pamezimwa anashika holda yenye moto. Soketi isiyo na athi (waya wa kupeleka moto ardhini) hufanya kazi miaka na miaka mpaka siku friji ivujishe kwenye bodi. Makosa haya hayaonekani kwa macho, ila kwa mita.

Kabla stima haijaingizwa, aanze na mwendelezo wa waya ya athi kutoka konsyuma yuniti hadi kila soketi. Asiridhike na "imelia". Multimita hulia hata kiungio kikiwa kimelegea. Asome ohm na ajue kukadiria: shaba ya 2.5 (milimita za mraba) ina kama mili-ohm 7.4 kwa mita moja, basi ringi, yaani saketi ya soketi inayozunguka na kurudi kwenye breka ileile, ikiwa ya mita 40 na ikipimwa ncha kwa ncha, laivu, nyutro na athi kila moja peke yake, itoe karibu ohm 0.3. Ikitoa 0.8, kuna skrubu haijakazwa mahali. Isiposoma kabisa, ringi imekatika, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu soketi zote zitaendelea kufanya kazi. Mzigo uliokusudiwa kupita njia mbili utapita njia moja, waya ya 2.5 nyuma ya breka ya ampia 32, itapata moto ndani ya ukuta na breka haitashtuka.

Kisha mega, yaani mita ya kupima kama plastiki ya waya haivujishi, volti 500 za DC. Main imezimwa, breka zote zimewashwa, globu zimetolewa, vyombo vyote vimechomolewa, na taa za LED na dima zimetenganishwa, la sivyo mega itaziua. Laivu na nyutro zishikwe pamoja zipimwe na athi, halafu laivu na nyutro zenyewe. Kima cha chini katika BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga stima, ni megaohm 1, ila kazi mpya iliyo safi husoma mamia. Swichi za ngazi apime mara mbili, mara ya pili akigeuza moja, kwa sababu kila mkao wa swichi huacha waya mmoja nje ya kipimo. Multimita haichukui nafasi ya mega hapa: betri yake ya volti chache haiwezi kufichua plastiki iliyochubuka.

Baada ya hapo ahakikishe laivu ndiyo inayopita kwenye swichi, na stima ikishaingia apime RCD, yaani swichi inayokata stima inapovuja kwenda athi. Ile ya mA 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kubonyeza kitufe cha T kunaonyesha tu kwamba mashine yake inaachia, hakuonyeshi kama athi ya nyumba ipo.

fundi_barani
Mwalimu amesema kweli tupu. Mimi naongeza ya ukutani.

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kijana asishike tindo kabla ruhusa ya uhifadhi haijapatikana, na zidaka na plasta ya nakshi asiziguse kabisa. Ukuta wa matumbawe haukatiki kama bloku. Unataka mfereji wa mm 25, kinang'oka kipande cha kiganja. Afadhali paipu itembee juu ya plasta, sambamba na boriti, ishuke kwenye kona hadi swichi, ikishikwa kwa sadoli kila baada ya mita moja au pungufu maana PVC hulegea kwa joto letu. Palipokatwa kwa ruhusa pazibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta na plasta ya jirani huanza kuvimba.

Paipu iwe PVC nzito ya mm 20. Ya chuma huliwa na chumvi, hasa plasta ikiwa na mchanga wa pwani. Boksi za chuma nazo vivyo hivyo: skrubu hushika kutu hadi soketi haifunguki bila kuvunjwa. Tumia boksi za plastiki na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Nje iwe IP65 (isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa), kebo iingie kwa chini na glendi ikazwe. Kebo ikiingia kwa juu maji hutiririka nayo hadi ndani, hata boksi liwe la bei gani. Ncha ya waya iliyogeuka kijani au nyeusi ikatwe mpaka shaba ing'ae, ndipo ifungwe, kisha ivutwe kwa mkono kuona kama imeshika.

Chini ya makuti, waya zote ndani ya paipu kwa ajili ya panya, na taa zenye joto zikae mbali na majani. Waya ukivuka kichochoro upite juu ya punda mwenye mzigo na mtu aliyempanda.

Na hili ni la roho: nyumba nyingi za Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, zina jenereta au inveta ya sola. Kuzima main ya Kenya Power si kuzima nyumba. Afuatilie kila chanzo, akizime, akifunge kufuli, aweke kibao. Testa aijaribu kwanza penye moto, apime anapotaka kushika, kisha aijaribu tena penye moto. Ile bisibisi yenye kitaa asiitegemee. Akisimama kwenye ngazi kavu ya mbao inaweza kukataa kuwaka huku waya una volti 240.

mwana_langoni
Shukran sana. Nina moja zaidi. Wako mafundi husema fimbo ya athi ikishapigwa, RCD ni gharama ya bure. Na wengine humwaga chumvi na makaa pale kwenye fimbo. Yapi ya kweli?

mwalimu_warsha
Tufanye hesabu, nayo ndiyo nawaandikia wanafunzi ubaoni. Fimbo ya mita 1.2 ikitoa ohm 60 si ajabu. Laivu ikigusa bodi ya friji, 240 gawanya kwa 60 ni ampia 4. Breka ya 32 inaona ampia 4 kama mzigo wa kawaida, haikati, na bodi ya friji inabaki na moto mpaka mtoto aiguse. Ili breka ya 32 ya aina B ikate upesi bila RCD, njia nzima ya athi isizidi kama ohm 1.4, na fimbo kwenye mchanga haifiki huko. RCD ya mA 30 inakata hata kwa ohm 60. Kwa hiyo nyumba inayotegemea fimbo lazima iwe na RCD. Fimbo nayo ishushwe chini ya ohm 200 ili kipimo kisiyumbe kiangazi.

Chumvi hapana. Mvua huiosha, kipimo kinarudi palepale, na wakati huo imeshakula klampu na fimbo. Piga fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa ya kwanza, uziunganishe. Ukikutana na mwamba wa matumbawe usikate fimbo ili ionekane imeingia yote, hama mahali. Klampu ikae kwenye kishimo chenye kifuniko ili ikaguliwe.

dada_fundi_mokowe
Kuhusu ringi natofautiana na mwalimu kidogo, kwa heshima. Nyumba za Lamu ni nyembamba na zinapanda juu. Saketi moja ya 2.5 isiyozunguka, na breka ya 20, kwa kila ghorofa ni rahisi kupima, na ikikatika inajulikana hapo hapo maana soketi za mbele zinakufa. Ringi aijue kwa ajili ya mtihani na nyumba za zamani.

Vifaa: praisi na kata za mpini wa volti 1000, bisibisi bapa na za nyota, kisu cha kumenya, futi, levo, springi ya kupinda paipu ya mm 20, msumeno wa chuma, na testa ya nguzo mbili. Pesa zikibana aache drili, asiache testa. Mega ni ghali, ya kontrakta inatosha, ila asikubali atachimenti iishe kabla hajaishika.

Karatasi: gredi za NITA ni III, II na I, anaanza III. Hizo ni cheti cha ujuzi, haziruhusu kusaini kazi. Kusaini ni leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi, ya chini kabisa ni C2 kwa kazi za fezi moja, na kufunga nyumba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Mpaka aipate, afanye chini ya mwenye leseni na aweke daftari: saketi, saizi ya waya, breka, vipimo vyote.

mwana_langoni
Nimeelewa dada. La mwisho: masika, nyumba mpya, mega ikasoma megaohm 0.3. Aanzie wapi?

fundi_barani
Kwanza asivunje ukuta. Plasta mbichi na boksi zilizoingiwa na maji hushusha kipimo. Afungue boksi, apanguse, aache zikauke, apime tena. Isipopanda, azime breka moja moja huku mega ikipima laivu na nyutro zilizoshikwa pamoja kwa athi. Ile inayopandisha kipimo ikizimwa ndiyo yenye kasoro. Lakini breka za kawaida hukata laivu peke yake. Ikiwa nyutro ndiyo inayogusa athi, atazima zote na kipimo kitabaki 0.3. Hapo afungue nyutro kwenye baa, moja baada ya nyingine, kila moja akiiandika namba ya saketi yake kabla ya kuitoa. Akiipata saketi, aikate katikati kwenye boksi la njiani, apime nusu hii na nusu ile, aendelee hivyo mpaka abaki na kipande kimoja cha paipu.

Mara nyingi ni skrubu ya soketi iliyobana waya nyuma ya boksi.