Jardine alitoa amri, Larwood akaambiwa aombe radhi. Kwa nini?

Mwalimu wa Pasua

Wakuu, habari za jioni. Jioni huwa nafundisha watoto kriketi hapa Moshi, magongo mawili na mpira wa tenisi tuliouzungushia selotepu. Wakubwa wao wameanza kuuliza historia, na sasa tumefika kwa Douglas Jardine, nahodha wa England kwenye ziara ya Australia ya 1932/33. Nasoma kwamba alikuwa mchezaji wa ridhaa. Mtu wa ridhaa anawaamuruje wanaolipwa? Na baada ya vurugu yote ile ya mipira iliyolenga miili ya wapigaji, kwa nini aliyetakiwa kuomba radhi ni mrushaji, Harold Larwood? Kuna mtoto wa darasa la sita ananidai jibu.

Mshika Daftari, Arusha

Mwalimu, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Mimi ni mwandishi wa alama kwenye mechi za hapa Arusha tangu ujana wangu, kwa hiyo naanzia kwenye karatasi ya alama, maana tabaka zao zilionekana humo humo. Mchezaji wa ridhaa aliandikwa herufi za majina yake kwanza, halafu ukoo: D. R. Jardine. Wa kulipwa ukoo ulitangulia, herufi zikafuata nyuma. Walibadilishia nguo vyumba tofauti, na viwanja vingine vilikuwa na mageti mawili ya kuingilia uwanjani. Unahodha wa England ulishikwa na watu wa ridhaa. Wally Hammond, mpigaji hodari kuliko karibu wote, ilibidi aache kuwa wa kulipwa ndipo akapewa timu mwaka 1938. Mgawanyo huo ulifutwa mwishoni mwa 1962.

Jardine alizaliwa Bombay mwaka 1900, mtoto wa mwanasheria. Akasoma shule ya Winchester, kisha chuo cha Oxford, akachezea timu ya Surrey na kufuzu uwakili. Hakutegemea kriketi kwa chakula. Larwood alitoka migodi ya makaa ya mawe ya Nottinghamshire, ameingia kazini akiwa na miaka 14. Mweke mtoto wako hapo kwanza, hao wawili wakiwa timu moja.

Mwaka 1930 mpigaji wa Australia, Don Bradman, alikuwa amewapiga Waingereza mikimbio 974, yaani alama za mpigaji, kwenye mfululizo mmoja wa mechi. Dawa ya Jardine ilikuwa mpira wa kasi unaodunda mfupi na kupanda kwenye mbavu za mpigaji, na wadakaji wamejaa karibu upande wa miguu yake. Ukijikinga, mpira unaruka mikononi mwao. Ukiuacha, unakupata. Adelaide, Januari 1933, mbele ya watu zaidi ya 50,000, nahodha wa Australia Bill Woodfull alipigwa kifuani, karibu na moyo. Siku chache baadaye Bert Oldfield akavunjika fuvu. England walishinda mfululizo 4-1, Larwood akichukua wiketi 33, yaani kuwatoa wapigaji mara 33.

Sasa sikiliza hili, maana kwangu ndilo jibu lenyewe. Gubby Allen, mrushaji mwingine wa kasi wa timu ile ile, alikataa kurusha hivyo, na bado akachukua wiketi 21. Allen alikuwa wa ridhaa. Angeachwa, angerudi kwenye maisha yake. Larwood angekataa, angerudi wapi? Kwenye mechi ya mwisho kule Sydney aliumia mguu, Jardine akamweka uwanjani mpaka Bradman alipotoka. Mwaka 1934 wakubwa wa kriketi ya England wakamtaka Larwood aandike barua ya radhi. Akakataa, na hakuichezea England tena. Kosa walilipeleka kwa mwenye mshahara. Nimeandika majina mengi kwenye madaftari yangu, na hilo la Larwood huwa linaniuma.

Binti wa Sakina

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu tabaka, ila Jardine mwenyewe tumpe haki yake. Mwaka 1933 West Indies, kwa mikono ya warushaji wao Constantine na Martindale, walimrushia mipira ya aina ile ile pale Manchester. Alisimama akapiga mikimbio 127, mara pekee aliyofikisha mia katika mechi zake 22 za Testi, zile kubwa za timu za taifa. Na Jardine ndiye aliyempa Larwood kisahani cha fedha cha majivu ya sigara, kimechorwa maneno ya shukrani. Hakumkana kijana wake.

Mshika Daftari, Arusha

Marahaba binti. Ujasiri wake sina shaka nao. Ila angalia alivyoondoka: baada ya kuongoza ziara ya India, Machi 1934 alitangaza kwamba hataki kucheza na Australia. Alijitoa mwenyewe, kwa wakati wake. Larwood hakupewa mlango huo.

Mwalimu wa Pasua

Asanteni sana, hasa habari ya Allen, hiyo mtoto ataielewa. Kesho nataka niwapange sita upande wa miguu waone mpigaji anavyobanwa.

Mshika Daftari, Arusha

Wapange, lakini kwa mpira wa tenisi usio na selotepu, na urushe wewe mwenyewe polepole. Halafu waambie sheria ya leo inaruhusu wawili tu nyuma ya mstari wa mpigaji upande huo. Wa tatu akisimama pale, mwamuzi anaita mpira haramu.